Gudulia la Mzee Salum

Siku ya kuniaga, vijana wa ofisini waliniomba niwaandikie mambo ya kazi yetu ya zamani kabla sijayasahau. Nadhani walitaka niwaeleze namna ya kupambana na mchwa, maana mchwa ndiye mtumishi wa kwanza wa makumbusho yoyote ya Tabora, na yeye hastaafu. Ya mchwa nitawaeleza kwa mdomo. Nikishika kalamu, mkono unakwenda wenyewe kwenye gudulia la kijani la Mzee Salum, kwa hiyo nitaliandika hilo, na mengine yatajitokeza njiani.

Niliajiriwa miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa binti wa Nzega niliyemaliza shule ya kati, najua kusoma, kuandika na kutwanga. Makumbusho yetu yalikuwa nyumba moja ya udongo yenye kuta nene, ya tangu enzi za misafara, yenye ua katikati na vyumba vyenye giza pande zote. Mkuu wake alikuwa Bwana Kleofasi, mtu mrefu wa Bukoba, mpole, asiyecheka mpaka awe amehakikisha jambo linachekesha.

Siku ya kwanza alinipa beseni la maji na sabuni. "Nawa," alisema.

Nikanawa.

"Vua pete."

"Sina pete, Bwana Kleofasi."

"Vizuri. Ukiolewa, utakuwa unaivua."

Kisha akanipa chungu cha sokoni kilichojaa maji, akaniambia nikipeleke kutoka chumba cha mashariki hadi cha magharibi, nikiweke chini, nikirudishe. Asubuhi nzima nilipita ule ua na chungu, huku mlinzi wa getini akinitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Adhuhuri nilijikwaa, chungu kikavunjika. Bwana Kleofasi alikwenda stoo akaleta kingine. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa ameviweka akiba vingi, kwa ajili ya watu kama mimi.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache, na sehemu kubwa vilitoka sokoni. Brashi tulitengeneza kwa manyoya ya mbuzi, yale ya chini ya shingo ambayo ni laini. Vumbi tulilifuta kwa kanga kuukuu iliyofuliwa mpaka maandishi yakafutika, kwa sababu kanga mpya huacha nyuzi. Kufungashia tulitumia sufi. Na ili chombo kisiteleze rafuni treni inapopita na kutikisa mji, tulibandika vipande vya nta ya nyuki chini yake. Wageni kutoka Dar es Salaam walikuwa wakiuliza tunaagiza wapi dawa hiyo. Tulikuwa tunaagiza kwa mama mmoja aliyeuza asali karibu na stesheni.

Kazi ngumu ya mwaka ule wa kwanza ilikuwa ngoma kubwa ya mtemi mmoja, iliyoletwa kwetu watemi walipokwisha kuondolewa madarakani. Ilikuwa imeliwa na bungua mpaka ukiigonga inamwaga unga. Tuliifukiza moshi, tukaziba matundu kwa nta, tukaifukiza tena. Nilipoona imepona, nilifurahi kuliko siku nilipofaulu mtihani. Bwana Kleofasi akanitazama, akasema, "Sasa twende nikuonyeshe mgonjwa ambaye hataki daktari."

Ndivyo nilivyofika nyumbani kwa Mzee Salum, mtaa wa Ng'ambo.

Mzee Salum alikuwa gadi wa treni aliyestaafu. Maisha yake yote alikuwa amesafiri njia ya Kigoma, na kila stesheni alikuwa na mtu aliyemtunzia kitu. Njia ya reli, alipenda kusema, imelala juu ya njia ya misafara kama shuka juu ya kitanda, na vitu vilivyoangushwa na misafara vilikuwa bado vimo majumbani mwa watu. Alikuwa na mabirika ya shaba, kengele za punda, kufuli zisizo na funguo, shanga za kila rangi, na saa za ukutani zilizosimama kila moja kwa wakati wake. Mkewe, Bi Mwajuma, alikuwa amebakiwa na kitanda na jiko.

"Karibuni," alitukaribisha siku ile. "Mkipata pa kukaa, kaeni. Nyumba hii imejaa vitu vya marehemu."

"Shikamoo mama," nilisema.

"Marahaba mwanangu. Usiegemee hapo, hilo birika lina heshima kuliko mimi."

Gudulia lilikuwa peke yake katika kishubaka cha ukuta wa sebule, mahali ambapo watu wengine huweka msahafu. Lilikuwa na tumbo la mviringo na shingo ndefu nyembamba, na rangi yake ilikuwa kijani cha mbaazi mbichi iliyomenywa sasa hivi. Ukilitazama kwa mbele, lilionekana tupu. Lakini Mzee Salum alifungua dirisha la pembeni, mwanga ukalipiga ubavuni, nikaona maua yamechongwa chini ya ile rangi, kama vitu vilivyolala chini ya maji.

Bwana Kleofasi alinieleza kwamba ni kauri ya Kichina, ambayo wataalamu huiita seladoni, na kwamba ilichomwa tanuruni zamani sana, kabla Tabora haijawa mji. Vipande vyake huokotwa pwani, kwenye mahame na makaburi ya kale. Kizima kama hiki, na bara kama huku, yeye hakuwahi kukiona.

"Lina dosari moja," Mzee Salum alisema. Aliligeuza kwa uangalifu akatuonyesha chini, kwenye kitako, palipomeguka kipande kidogo kama ukucha wa mtoto. "Hapa ni mto Malagarasi. Wapagazi walishambuliwa wakivuka, mmoja akaangusha mzigo kwenye jiwe. Fikirini, mishale inaruka, na huyu anaokoa gudulia la bwana wake."

Tulifikiri. Ilikuwa hadithi nzuri, na aliisimulia vizuri, akisimama na kuchuchumaa.

Alilipata kwa kijana mmoja wa porini upande wa Usinge, aliyelileta stesheni limefungwa kwenye gunia. Mzee Salum alimpa baiskeli yake, baiskeli nzima yenye taa na kengele, akarudi nyumbani kutoka stesheni ya Tabora kwa miguu. Bi Mwajuma alipomwona ameshika gudulia badala ya usukani, hakusema naye mpaka Ijumaa.

Nililizoea lile gudulia kwa miaka. Bwana Kleofasi alikuwa akinituma mara kwa mara nikaangalie kama kuna mchwa ukutani, na ukweli ni kwamba alikuwa ananituma nikamlainishe mzee atupe gudulia. Baada ya swala ya Ijumaa Mzee Salum alilishusha, akalifuta, akalirudisha. Alinifundisha kuzisikiliza kauri. Ukiigonga kwa ukucha na ikalia kama kengele, ni nzima. Ikisema "tu" kama kikombe cha bati, ina ufa usiouona. Ufundi huo nimeutumia mpaka siku ya mwisho kazini, na kila nilipoutumia niliinamisha kichwa upande mmoja kama yeye.

Hatimaye alikubali. Alimwambia Bwana Kleofasi kwamba gudulia litakuja makumbusho yeye akifa, asiharakishwe. Tukasubiri, bila haraka, kama watu wenye adabu.

Ila wakati haukusubiri. Ilikuwa miaka ya kuhamia vijiji vya ujamaa, na pia miaka ya urafiki mkubwa na Wachina. Ofisi ya juu yetu ilitaka kufanya maonyesho ya vitu vya kale vilivyotoka China, na mtu fulani akakumbuka kwamba Tabora kuna kauri nzima. Bwana Kleofasi alikwenda Ng'ambo mwenyewe. Walizungumza mchana kutwa, yeye na mzee, na mwisho mzee akakubali kulitoa sasa, angali hai, kwa sharti moja: alifungashe kwa mkono wake.

Nilitumwa kulichukua na sanduku la mninga, ndani limejaa sufi. Nilipofika, nilimkuta barazani mwanamke wa makamo aliyevaa kanga yenye vumbi la safari, miguu peku, ameketi. Mzee Salum alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma kama gadi anayesubiri treni iliyochelewa.

"Afadhali umekuja, Kalunde," aliniambia. "Mwambie huyu mama kwamba gudulia nililipata kwa haki."

Yule mwanamke aliitwa Nyamizi. Aliniamkia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," na aliposikia nimemjibu kama mtu wa kwao, akaanza kueleza kwa lugha hiyo, taratibu, bila kulaumu. Kijana aliyepewa baiskeli alikuwa kaka yake. Gudulia halikuwa lake. Lilikuwa la mama yao, na alilichukua mama alipokuwa shambani. Kaka alikwishafariki, baiskeli ilikwishaoza. Sasa watu wa kwao walikuwa wanahamishiwa kijiji kipya karibu na reli. Wote walikuwa wamekwisha kwenda, isipokuwa mama. Mama alisema gudulia likirudi halitamkuta mtu, kwa hiyo yeye haondoki.

"Anangoja tangu kaka alipolichukua?" nilimuuliza.

"Zamani alikuwa anangoja huku analima," Nyamizi alijibu. "Sasa anangoja tu. Paa limeezuliwa. Yumo ndani."

Nilimtafsiria Mzee Salum, ingawa nadhani alikuwa ameelewa. Alikaa kitako kwenye kizingiti.

"Mimi sikumwibia mtu," alisema.

"Mama hajasema umemwibia, baba," Nyamizi alimwambia kwa Kiswahili. "Nimekuja kuomba."

Bi Mwajuma alitoka jikoni na kikombe cha uji, akampa mgeni. Kisha akamgeukia mumewe. "Nenda ukamwone huyo mama. Mweleze kwa mdomo wako. Akiliona lipo salama, linakwenda mahali pa heshima, huenda roho itatulia."

Lilikuwa wazo ambalo lilimpa kila mtu nafasi ya kupumua. Nilirudi ofisini, nikamweleza Bwana Kleofasi. Alitembea huku na huku uani kwa muda, kisha akasema, "Nenda nao. Lisitoke machoni pako."

Tulipanda treni ya Kigoma, daraja la tatu. Mzee Salum alivaa koti lake la ugadi, ambalo vifungo vyake alikuwa amevisugua. Kila stesheni alishuka, akaangalia mbele na nyuma, akapanda tena, na gadi mwenyewe, kijana mstahimilivu, akamwachia. Sanduku lilikuwa baina yangu na Nyamizi. Alikuwa ameweka kiganja juu ya kifuniko. Treni ilichelewa kama kawaida yake, tukafika Usinge kumekucha, umande bado uko kwenye nyasi na moshi wa tanuru za mkaa umelala juu ya miti.

Kutoka hapo ni miguu, kwa njia ya msituni. Nilishika sanduku kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa, nikaanza kutangulia. Nyamizi alinitazama kidogo, akalichukua, akalitua kichwani juu ya kata ya kanga.

"Hapana," Mzee Salum alisema. "Hapana, mama. Kichwani hapana."

"Baba, njia hii ina mashimo. Huyu dada anaangalia sanduku, haangalii miguu."

Akaondoka nalo. Sisi tukamfuata. Njiani alituambia jambo ambalo Mzee Salum hakuwahi kulisikia. Babu ya mama yake alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu mpaka pwani, na akiwa huko zilimfikia habari, kwa mdomo wa msafara mwingine, kwamba mkewe amejifungua mtoto wa kwanza. Alipokuwa anarudi hakubeba nguo wala waya kama wenzake. Alibeba gudulia, kwa mguu, miezi ile yote, ili mtoto ambaye hajamwona aogeshwe kwa kitu kizuri. Mtoto alikuwa anatembea baba alipofika. Lakini walimwogesha hivyo hivyo, na tangu hapo kila mtoto wa nyumba ile aliogeshwa mara ya kwanza kwa maji ya gudulia lile.

"Mimi nilifikiri lilikuwa la Mwarabu mkubwa," Mzee Salum alisema.

"Wengi hufikiri hivyo," Nyamizi alijibu.

Kijiji kilikuwa kimebaki kuta. Lori lilikuwa limesimama njiani, na dereva wake alikuwa amelala chini yake, kwenye kivuli. Afisa aliyesimamia kuhama, mtu aliyechoka, suruali yake imejaa vumbi jekundu, alikuja kutulaki kama watu walioleta dawa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amepoteza siku nyingi kwa ajili ya bibi mmoja na hakutaka kumbeba kwa nguvu.

Bibi Kabula alikuwa amekaa ndani ya nyumba yake, juu ya kigoda, na juu yake hapakuwa na kitu ila mbingu. Alikuwa mdogo wa umbo, macho yake yameingia ukungu. Chungu, jembe na mkeka vilikuwa vimepangwa kando yake vizuri. Nyamizi alipiga magoti, akafungua sanduku, akatoa sufi, akamwekea gudulia mapajani.

Alilipapasa shingo. Akaliinua, akatia pua kwenye mdomo wake, akakaa hivyo. Sote tulingoja. Kisha akalirudisha kwa binti yake.

"Hili si langu," alisema.

"Mama, ndilo."

"Langu lilikuwa na harufu ya nyumba yetu. Hili linanuka duka."

Afisa alinitazama mimi, mimi nikamtazama Mzee Salum. Hapo ndipo mambo yangeweza kwisha. Mwenye mali amelikana mwenyewe, mbele ya mashahidi. Mzee angelirudisha kwenye sufi, tungewahi treni ya kurudi, na maonyesho yangepata kauri yake. Niliona mkono wake unakwenda kwenye kifuniko cha sanduku. Ukasimama. Kisha, na magoti yake mabovu, akajishusha akakaa chini kwenye udongo, na koti lake la ugadi, mbele ya yule bibi.

"Mwambie," aliniambia, "harufu niliiondoa mimi."

Nikamwambia.

"Mwambie ndani lilikuwa na ukoko mweusi. Nilitia majivu na ndimu, nikatia vijiwe, nikatikisa kwa siku kadhaa mpaka likang'aa. Nilidhani ni uchafu."

Bibi Kabula alisikiliza. "Ulikuwa uchafu wa watoto wangu," alisema. "Majani, na maji, na watoto. Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma, mama."

Sauti yake ilikuwa imebadilika. Mtu ambaye juzi barazani alikuwa akidai haki yake, sasa alikuwa anambembeleza yule bibi akubali kwamba gudulia ni lake. Alichukua gudulia kwa Nyamizi, akaligeuza kitako juu, akauchukua mkono wa bibi kwa heshima, akauweka pale palipomeguka. "Na hapa? Hapa sikugusa. Nililikuta hivi."

Kidole cha Bibi Kabula kilizunguka kwenye ule umeguko. Kikazunguka tena. Uso wake ukaanza kufunguka.

"Nyamizi," aliita.

"Mama."

"Nilikwambia utwange mbali na ukuta."

Nyamizi alifunika uso kwa kanga. Sikujua anacheka au analia mpaka aliposema, "Nilikuwa mtoto, mama. Mchi ulinizidi, ukaligonga."

Mzee Salum alinigeukia. Mto Malagarasi, mishale, wapagazi, vyote vilipita machoni pake. "Usimwambie Kleofasi," aliniambia kwa sauti ya chini.

Bibi alilikumbatia gudulia, akasimama kwa nguvu zake mwenyewe, akasema tumchukulie jembe na mkeka. Nilimpa sanduku la mninga alifungie. Alilipapasa akalisukuma. "Sanduku la nini? Hajafa mtu."

Dereva alikwisha kuwasha lori. Afisa alinivuta kando. "Dada, nilisikia hiki kitu ni cha serikali. Mimi sitaki matatizo."

"Bado hakijakabidhiwa," nilimjibu. Huo ndio ulikuwa ukweli, na nilishukuru kwamba ukweli wa siku ile ulikuwa mfupi namna hiyo. Tukampandisha bibi mbele, karibu na dereva, gudulia mapajani. Mzee Salum alipanda nyuma, juu ya mizigo, na aliposhuka huko kijiji kipya alikuwa mwekundu kwa vumbi kuanzia kofia.

Nilirudi Tabora na sanduku tupu. Bwana Kleofasi alilifungua, akatazama sufi.

"Liko wapi?"

"Usinge, kijijini."

"Ni salama?"

"Liko kwa mwenyewe. Watalitumia."

Alifunga kifuniko, akafunga na vibanio vyake viwili. "Hii kazi," alisema, "tunawatunzia watu vitu kwa sababu wenyewe hawapo. Wakiwepo, sijui sisi tunatafuta nini." Kisha akasafiri kwenda kuyaeleza hayo kwa wakubwa. Hakunihadithia walimwambia nini, na sura yake aliporudi haikuniruhusu kuuliza. Maonyesho yalifanyika. Sisi tulipeleka mabirika ya shaba ya Mzee Salum, ambayo hayakuwa ya Kichina, na wageni waliyatazama kwa adabu kubwa.

Mzee Salum hakuachana na gudulia. Mara kwa mara alivaa koti akapanda treni, akabeba sukari na sabuni, akaenda Usinge. Bi Mwajuma aliwaeleza majirani kwamba mumewe ameoa mke wa pili huko, ana shingo ndefu na haongei. Mwishowe alikwenda naye, kumwona huyo mke mwenza, na yeye na Bibi Kabula wakapatana mara moja, kwa sababu wote wawili walikuwa na mengi ya kusema juu ya Mzee Salum.

Nyamizi alinisimulia yaliyotokea huko. Kile kijiji kilikuwa na watu kutoka kila upande, wamepangwa kwa mistari, jirani hamjui jirani. Mwanzoni gudulia lilikaa ndani, la watu wa nyumba ile tu. Kisha mwanamke mmoja Msukuma, aliyekuja na mumewe kutoka upande wa Igunga na hakuwa na mama wala dada pale, alijifungua nyumba ya pili. Bibi Kabula alisikia mtoto analia. Alikaa, akasikiliza, akauliza nani anawasaidia. Akaambiwa hakuna. Akatia maji na majani, akavuka njia, mkono mmoja kwenye bega la Nyamizi. Tangu siku hiyo hapakuwa na mtoto wa kijiji kile aliyeogeshwa bila lile gudulia, awe wa Kiislamu, awe wa Kikristo, awe wa mizimu.

Mzee Salum aliniambia siku moja alikuwepo wakati wa kuzaliwa mtoto. Wanaume hawaingii, kwa hiyo alikaa nje, upande wa pili wa ukuta. Alisikia maji yanatoka katika shingo ile nyembamba. "Yanatoa sauti, Kalunde," alisema. "Miaka yote nimelifuta, nimeligonga kwa ukucha, nimelisimulia. Sauti ile sikuijua."

Alifariki Tabora, kitandani kwake, na vitu vyake vyote vilikuja kwetu kama alivyotaka. Vimo chumba cha mashariki. Bibi Kabula alifariki baada yake. Bwana Kleofasi alirudi kwao Bukoba alipostaafu, mimi nikapewa ufunguo. Wakaja wataalamu, wengine wamesikia habari za kauri ya Usinge, nikawapeleka waliotaka kwenda. Walipiga picha, wakapima kwa kamba na rula, wakashauri lihifadhiwe. Niliwajibu linahifadhiwa. Wengine walielewa.

Mwezi uliofuata baada ya kustaafu nilipanda treni, bila kazi ya mtu, nikaenda Usinge kumwamkia Nyamizi. Ni mzee sasa, anatembea kwa fimbo. Nilimkuta mlangoni anajifunga kanga kwa haraka.

"Umekuja kulichukua?" aliniuliza. Amekuwa akinitania hivyo kila mara.

"Nimestaafu, dada. Sichukui tena kitu."

"Basi twende. Mkwe wa jirani amejifungua asubuhi hii, na mimi mkono huu hauinuki tena."

Tuliingia chumba cha jirani. Wanawake walikuwa wameketi ukutani, na mtoto wa kike, bado hajapewa jina, yuko mikononi mwa bibi yake, juu ya beseni. Gudulia lilikuwa limejaa. Lina ukoko tena ndani, mweusi, na harufu yake ilijaza chumba, majani na moshi na kitu kama maziwa. Nyamizi alinipa.

"Mimina," alisema. "Polepole, kuanzia kichwani."

Nilikuwa nimeshika vyombo maisha yangu yote ya kazi. Vibuyu, mabirika, vyungu vya pombe, vinu, nimevifuta, nimevibandika nta, nimeviandikia majina. Hakuna hata kimoja nilichokitumia kwa kazi yake. Nilisimama pale kama siku ile ya beseni na sabuni, sijui niweke miguu wapi.

"Kalunde," Nyamizi alisema, "mtoto anapata baridi."

Nikaliinamisha. Maji yakatoka.